Ubeti Ni Nyumba

Wapenzi wa lugha mnafahamu kwamba neno ubeti lina asili ya Kiarabu, na kwamba katika lugha hiyo bayt ni nyumba, na pia ni mstari wa shairi. Wanazuoni wa Kiarabu waliendelea kujenga juu ya msingi huo. Nusu ya mstari waliiita misra, yaani ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Vipimo vya sauti wakavipa majina ya kamba na vigingi, vifaa vya kusimamishia hema. Sisi tulipolipokea neno hilo tulichukua shairi, nyumba tukaiacha nje. Mimi nimelazimika kuvirudisha viwili hivyo pamoja tangu nilipohamia makao mapya hapa Songea, baada ya kustaafu.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeishi katika nyumba za shule. Kuta za nyumba hizo zilikuwa na sura moja: rangi ya maziwa juu, na chini mkanda wa rangi nzito ya mafuta. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda, nami sikujiuliza. Sasa ni mjane, watoto wamekwisha kujitegemea, na nimepanga nyumba ya vyumba viwili ghorofani, yenye dirisha linalotazama milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Mwenye nyumba aliniambia, “Mwalimu, rangi chagua mwenyewe.” Usiku ule sikupata usingizi.

Binti yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia picha siku ya pili. Kuta za kijivu, makochi ya kijivu, mapazia ya kijivu, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Akaahidi kutuma fedha pamoja na fundi. “Mama, ndio mtindo wa sasa,” akasema. “Wageni watasemaje wakikuta mikeka?” Nilijua anasema kwa mapenzi. Kumkatalia kungemuumiza, na kukubali kungenifanya mgeni mwenye adabu katika nyumba yangu mwenyewe. Lakini jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine: mtu ambaye hajawahi kuchagua atajuaje kama anayo ladha ya kuaminika?

Hapo nikalitazama neno lenyewe. Ladha nalo ni la Kiarabu, na huko lina maana ya raha au burudani. Katika Kiswahili limekaa kwanza ulimini, kisha likapanda hadi kwenye macho na masikio. Kitenzi chake ni kuonja. Unaweza kuniambia chumvi ni kijiko kimoja, lakini huwezi kunionjea. Ulimi ni wangu.

Darasani nilikuwa nimelisema jambo hilo mara nyingi bila kufikiria nyumba. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alitueleza vina na mizani, na kwa sheria hizo mwanafunzi yeyote anaweza kukagua ubeti kwa vidole vyake: mizani nane, kisha nane, jumla 16. Nimesahihisha beti nyingi zilizotimia kila kipimo na bado hazikuwa na pumzi. Miaka 20 baada ya kitabu hicho, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, ambamo aliachana na vina na mizani vya kimapokeo, na mabishano yaliyofuata mnayajua. Yapo yanayohesabika na yapo yasiyohesabika. La kwanza muulize mjuzi. La pili, usome ubeti wako kwa sauti, peke yako, mpaka sikio likujibu.

Basi shughuli za nyumba nikazigawa hivyo hivyo. Yanayohesabika nilimuuliza fundi: rangi ya msingi iende mara ngapi, lita ngapi zitatosha, pazia likatwe mita ngapi. Aliponiambia kwamba ukuta unaopakana na bafu una unyevu na lazima ukauke kwanza, nilingoja wiki mbili bila kunung'unika. Katika hayo sina ladha, nina utii.

Yasiyohesabika nikayaonja. Nilinunua makopo madogo ya rangi, nikapaka vipande kando ya dirisha, nikaishi navyo. Nilivitazama alfajiri, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Ilikuwa mwezi Juni, na wenyeji wa Songea mnaijua baridi yetu ya Juni. Kijivu cha binti yangu, ambacho kwenye joto la Dar es Salaam huenda kinaburudisha, hapa asubuhi ya mawingu kilinifanya nitafute blanketi. Kipande cha rangi ya udongo mwekundu nacho kilinivuta kila nilipopita. Siku ya nne nikajua kwa nini: bibi yangu alikuwa akisiriba nyumba yake kwa udongo mwekundu hadi usawa wa kiuno, na mweupe juu. Mvua ikirusha matope, wekundu huyameza.

Nikachagua hivyo: wekundu wa udongo chini, weupe wa maziwa juu. Fundi alipomaliza nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu, kwa kuwa mpangilio ule ulikuwa karibu sawa na wa nyumba za shule. Tofauti ni kwamba safari hii umepita katika ulimi wangu. Anayeamini ladha yake si lazima apate kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mara nyingi hupata kile alichokuwa nacho, akakijua jina.

Vingine vilifuata vyenyewe. Kiti cha mninga. Chungu cha Wakisi nilichonunua zamani ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Picha ya kanga, yule ndege, kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, mkoani kwetu humu. Hakupita chuo cha sanaa. Alichora Dar es Salaam juu ya mbao za ujenzi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972, na mtindo ukabaki na jina lake. Kando ya picha hiyo nimetundika kanga nyingine, ile ya marehemu mama yangu, imechakaa lakini pindo, mji na jina vyote vinaonekana. Jina lake ni methali: Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Binti yangu alikuja mwezi Agosti. Alizunguka vyumba vyote kimya, akagusa ukuta, akasimama mbele ya kanga. “Hii si ya bibi?” akauliza. Kisha akavua viatu, akaketi mkekani, tukanywa chai hadi jioni. Kuhusu kochi hatujaafikiana. Anasema nalihitaji, kwa ajili ya magoti yangu, na hilo nitalifikiria, maana magoti ni katika yanayohesabika.

Nawaandikia haya washairi wenzangu kwa sababu nawaona vijana wengi wakimaliza ubeti na papo hapo kuuliza, “Mnaonaje?” Majibu huja kumi, kila moja na rangi yake, na mtunzi hupaka zote. Ulizeni, lakini si siku hiyo hiyo. Kaeni kwanza ndani ya ubeti wenu siku tatu, alfajiri, adhuhuri na usiku. Wageni watapita na kusema yao. Anayelala humo ni ninyi.