Siku Tisa Ulaya, na Mjusi wa Lindi

Mwezi Machi Minneapolis bado kuna theluji, na likizo ya chuo ni wiki moja tu. Ukijumlisha wikiendi mbili unapata siku tisa. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania hujiandaa mapema: viza ya Schengen, na saini ya chuo kwenye fomu ya I-20 ili kurudi Marekani bila taabu.

Nilitua Amsterdam, nikapanda treni hadi Brussels, nikala pondu mtaa wa Matonge kwa Wakongo. Paris nilipita mbio.

Berlin nilisimama. Katika makumbusho ya viumbe yupo mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani. Wapagazi wetu waliibeba kwa miguu hadi bandarini. Watoto wa Berlin humwona kwa tiketi. Sisi wa Lindi twahitaji viza.

Nilimwonyesha bibi kwa simu ya video. Akauliza, "Watamrudisha lini, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu.

Ndugu mwanafunzi, ukienda Berlin, miji mingine ipunguze. Mjusi mpe siku nzima.