Waandishi Wanawake na Sheria ya 1998

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilisikiliza redio moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na magazeti makubwa yalikuwa ya serikali au ya chama tawala: Daily News, Uhuru, Mzalendo. Makundi ya wananchi nayo yalikaa chini ya paa hilohilo. Wanawake walikuwa na UWT, wafanyakazi JUWATA, zote jumuiya za chama hicho, CCM. Dai lilipanda ngazi za chama, na likikwama katikati, umma haukulisikia.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake, Fatma Alloo akiwa miongoni mwao, waliunda chama chao, TAMWA. Waliokuwa wakiripoti madai ya wengine sasa walikuwa na madai yao, na kalamu mkononi. Jarida lao, Sauti ya Siti, lililoitwa kwa heshima ya mwimbaji Siti binti Saad, liliandika waziwazi mambo yaliyokuwa yakimalizwa kifamilia: vipigo, ubakaji, mimba za wanafunzi. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Msiba huo, ambao ungeweza kuishia mazishini, waandishi hao hawakuuacha upite kimya.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, magazeti ya binafsi yaliongezeka, na mwaka 1994 zikaanza Radio One na ITV. TAMWA iliitumia nafasi hiyo kwa ustadi: suala moja liliandikwa na kutangazwa na vyombo vingi kwa wakati mmoja, hata kiongozi asiweze kulipuuza kama kelele za gazeti moja. Wanasheria wa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao walijua ni vifungu gani vya kubadilishwa. Hasira ya wasomaji peke yake haiandiki muswada.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, maarufu kama SOSPA. Adhabu ya ubakaji iliwekwa kuanzia miaka 30 jela, na kumkeketa msichana chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini wenye mipaka. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imeifuta BAWATA, baraza la wanawake lililoongozwa na Anna Tibaijuka, kwa madai kwamba linafanya siasa. Ushawishi ulivumiliwa ulipogusa adhabu. Ulipoonekana kugusa kura, mlango ulifungwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilibaki palepale, ikiruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Safari hii njia ilikuwa nyingine. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, vyombo vya habari vikaifuatilia kesi, na mwaka 2016 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.