Safari Ipi ya Gari la Moshi Inapendeza Macho Zaidi?

Hoja hii ilijadiliwa muhula huu katika Chama cha Majadiliano cha shule yetu, na ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama madirishani. Mimi, mtoto wa Makorora, nalichaguliwa kuitetea reli yetu ya Tanga. Naandika haya machache ili wazazi ambao hawakuwapo nao wapate kupima.

Msemaji wa kwanza aliitetea TAZARA. Alisema kuwa reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia. Abiria aweza kuona wanyama wa porini naye amekaa kitini. Kisha baina ya Mlimba na Makambako gari hupanda milima, likiingia handaki na kutoka, likivuka daraja baada ya daraja. Wa pili aliisifu Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914, ambako msafiri hupokewa na Ziwa Tanganyika. Wa tatu, ambaye ana shangazi Mombasa, alitupeleka Kenya, kwenye reli iliyoanza kujengwa 1896 ikafika Kisumu 1901, akaeleza jinsi inavyoteremka katika Bonde la Ufa. Mmoja akadakia habari za gari la umeme la Dodoma, lililoanza kuchukua abiria 2024. Akajibiwa kuwa hilo lina mbio mno, mti hauonekani ila kivuli chake! Watu wakacheka sana.

Zamu yangu ilipofika nalisema hivi. Reli yetu ndiyo ya kwanza katika Tanganyika. Ilianza hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ni kilometa 352 tu, lakini ndani yake mna bahari, minazi, michungwa, milima ya Usambara, milima ya Upare, na mwisho Kilimanjaro wenye meta 5,895. Aendaye bara na akae upande wa kuume, maana milima yote ya Usambara na Upare iko upande huo. Upande wa kushoto ni bonde la mto Pangani.

Hapo ndipo nilipofikia mashamba ya mkonge. Mistari yake imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, nayo hupendeza sana mtu akiitazama toka dirishani. Lakini kabla ya siku ile nalikuwa nimemwendea babu yangu, aliyetoka Kasulu 1956 kuja kukata mkonge. Alipanda gari la moshi Kigoma hata Morogoro, kisha akatiwa katika lori hata Korogwe, kwa kuwa kipande cha reli cha kuunganisha Ruvu na Mruazi kilifunguliwa 1963. Nalimwuliza, "Babu, katika safari zako uliona nini kizuri?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, mistari ile imenyooka kwa sababu migongo yetu ilipinda."

Wasomaji wajua ya kuwa neno "manamba" lilitokana na namba walizopewa vibarua wa mkonge, na ya kuwa hata leo wako walitumiao kwa dharau. Basi mbele ya ukumbi mzima nalisema, "Babu yangu alikuwa manamba." Pakawa kimya. Nikaendelea kuwaeleza ya kuwa miche ya mkonge iliyofika hai nchini kwetu 1893, mwaka ule ule ilipoanza reli, ilikuwa 62 tu, nayo ililetwa na Richard Hindorf. Mashamba yote yale yalitoka katika miche hiyo michache na jasho la watu wengi, na reli ndiyo iliyoyabeba mazao yake hata bandarini.

Mpinzani wangu alisimama akasema kuwa gari la abiria la Moshi liliporudi Desemba 2019, lilitoka Dar es Salaam na kupitia Korogwe, wala halikufika mjini kwetu. Je, uzuri usiopandiwa tiketi ni uzuri gani? Swali lile lilikuwa zuri. Nalimjibu kuwa mlima haukuhama, na wazee waliosafiri wangali nasi.

Kura zilipohesabiwa, TAZARA ilishinda, sisi tukawa wa pili. Wanafunzi watatu walinijia baadaye kuniambia kuwa babu zao nao walikuwa manamba, mmoja kutoka Njombe, wawili kutoka Songea.

Mimi naona ya kuwa macho peke yake hayatoshi kuamua hoja hii. Anayetazama dirishani bila kujua nani alilima, nani alichimba, nani alitandika mataruma, ameona nusu ya nchi. Basi, wenzangu, likizo hii waulizeni wazee wenu walifikaje Tanga. Msichelewe.