Soja wa Runinga na Soja wa Kwetu

Wengi wenu mnajua kwamba babangu ni soja. Hulinda lango la nyumba za kupanga kwa zamu ya saa kumi na mbili, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililonifanya niitazame michezo ya runinga kwa makini kuliko wenzangu.

Hebu itazameni nyumba ya tajiri wa runinga. Ngazi ya ndani ni lazima. Bila ngazi huyo si tajiri. Mezani pana sharubati na matunda yasiyoliwa na mtu, maana bwana hutazama saa na kusema amechelewa. Bibi naye amevalia viatu vya visigino virefu sebuleni mwake, jameni! Kijakazi huingia na sinia, akasema, "Ndiyo madam," akatoka. Soja hufungua geti, akapiga saluti, basi. Jina hana.

Kabwela naye hutambulishwa kwa mdomo wake. Marehemu Benson Wanjau, yule Ojwang wa Vitimbi katika KBC aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alikitamka Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo hadi nchi nzima ikavunjika mbavu. Alikuwa fundi wa kazi yake, sikatai. Ninachouliza ni hiki: mbona wadosi wa michezo hii mara nyingi huwa hawana lafudhi ya kwao? Au pesa huisafisha ulimi?

Katika Maria, iliyoonyeshwa na Citizen kuanzia 2019 hadi 2021, msichana wa mtaa wa mabanda anaingia katika jumba la akina Hausa, na Sheng yake inamtangulia mlangoni. (Mlezi wetu wa chama asiyeipenda Sheng anisamehe, lakini binti huyo angesema Kiswahili cha vitabuni nani angemwamini?) Nyumbani hatukukosa kuitazama. Hata hivyo, njia ya kumtoa maskini katika umaskini ni ile ile ya siku zote: apendwe na mwana wa tajiri, au igunduliwe kwamba babake mzazi ni tajiri. Mimi binafsi sijaona aliyetoka kwa kuongezwa mshahara. Wala sijaona mtu akihesabu sarafu kujua kama zitatosha unga na mafuta ya taa, jambo ambalo kwetu ni mchezo wa kila jioni.

Ndiyo maana namtetea Papa Shirandula. Mchezo huo wa Citizen ulidumu zaidi ya miaka kumi, na Charles Bukeko, aliyekuwa Papa mwenyewe, akafariki Julai 2020. Papa ni soja, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ni mtu wa ofisini. Asubuhi anaondoka na suti, kazini anavaa sare. Chamani mjadala ulizuka, wengine wakisema eti mchezo huo uliwadhihaki walinzi na Waluhya kwa pamoja. Haya, kuna kweli hapo. Lakini soja huyo alikuwa na jina, mke, madeni na uongo wa kuutunza, nasi tulikaa naye langoni hadi tukayaona magari ya wakubwa kwa macho yake. Na hiyo suti, mnadhani ni kichekesho tu? Mwanafunzi mmoja aliponipachika jina "Papa" nikiwa darasa la tano, nilielewa vizuri sana kwa nini mtu mzima anaweza kubeba nguo mbili kila siku.

Babangu hakuwa na shida na Papa. Alicheka hadi machozi. Kilichomkera ni masoja wa majumba ya ngazi. "Ona huyo," husema, "amefungua bila kuangalia nani yuko ndani ya gari. Kwetu angefutwa leo leo." Au: "Usiku huo wote na hana koti?" Kumbe kwake makosa hayo ni ishara kwamba aliyeandika hajawahi hata kusimama na soja akamwuliza kazi yake ikoje.

Muhula huu chama kinaandaa mchezo wa kuigiza. Tumeazima makochi ya chumba cha walimu yawe sebule ya mdosi. Soja alipewa maneno mawili tu: "Karibu, mkubwa." Niliomba kuiandika upya sehemu yake, na baada ya kuvutana na mwelekezi nikakubaliwa. Sasa soja ana mistari kumi na mmoja, na koti. Katika mstari wa tisa anamwuliza mdosi mshahara wa mwezi jana uko wapi, naye mdosi anapandisha kioo cha gari.