Mama, Kwa Nini Yeye Ndiye Mwoga?

Mimi sikuwa mtu wa kuingia kibanda cha video. Hapa kwetu Mandawa nilizoea kusema kwamba humo ndimo watoto wanamoharibikia. Jumamosi moja, baada ya mauzo ya ufuta, nilijifunga kanga, nikachukua tochi, nikaenda kumtoa mwanangu. Ana miaka 15. Tangu baba yake afariki alikuwa akinijibu "ndiyo" na "hapana", basi.

Vijana waliponiona walisimama. "Shikamoo, mama." Wakanipisha kwenye benchi kabla sijafungua kinywa. Mwanangu akaninong'oneza: "Keti kidogo, mama, muuaji bado hajajulikana."

Nikaketi. Ilikuwa filamu ya zamani ya Marekani, isiyo na rangi: Charlie Chan in the Secret Service, ya mwaka 1944. Mvumbuzi wa silaha anakufa nyumbani kwake, na mpelelezi wa Kichina anawahoji wageni waliokuwamo. Karibu mambo yote yanatokea ndani ya nyumba hiyo moja, kwa maana kampuni ya Monogram ilitengeneza filamu zake kwa fedha kidogo na kwa haraka. Hii yenyewe ni ya saa moja na dakika chache tu. Sisi tuliozoea kukirimu wageni kwa kisamvu na karanga kidogo tunauelewa ustadi huo.

Aliyetuchekesha ni dereva mweusi, Birmingham Brown. Kila kivuli kinamtoa mbio. Kijana aliyekuwa akitafsiri alimpa lafudhi ya Kimwera, kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi.

Njiani mwanangu akauliza: "Mama, kwa nini yule mweusi ndiye mwoga?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu msiba. Sikuwa na jibu. Tulipofika nyumbani tukatafuta kwenye simu, vichwa vimegusana. Kumbe ni Mantan Moreland, mzaliwa wa Louisiana mwaka 1902, mchekeshaji hodari wa majukwaani. Hollywood ya siku zile ilikuwa ikiwapa weusi kazi za utumishi na udereva, na za kuogopa. Na yule Mchina aliigizwa na Mzungu, Sidney Toler.

"Kumbe hata Mchina si Mchina!" Mwanangu akacheka kicheko cha baba yake. Kisha akanyamaza kitambo. "Mama, tulimcheka mtu aliyekuwa kazini."

Tulikesha tukizungumza, na si habari za filamu tu. Jumamosi iliyofuata alinisubiri mlangoni, tochi mkononi.