Nilimkata Anarkali

Kosa ni langu peke yangu. Nilichukua filamu ya saa tatu na zaidi, nikaikata mpaka ikabaki wimbo mmoja na dakika chache za pembeni, nikaipeleka Chwaka kuwaonesha wanawake ambao baadhi yao waliijua kabla mimi sijazaliwa. Tena nilijiona nimewafanyia hisani.

Filamu yenyewe ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960. Waliokuwa vijana Unguja wakati ule hawahitaji kutambulishwa. Mjini kulikuwa na Majestic pale Vuga, kulikuwa na Empire na Sultana, na picha ya Kihindi ikiingia watu wa shamba nao walipanda magari ya mbao wakaenda kuiona, wakalala kwa jamaa zao Ng'ambo. Tuni za picha hizo zilihamia kwenye taarab, zikavishwa maneno ya Kiswahili, na leo wapo wanaoziimba harusini wasijue zimetoka wapi.

Kisa ni hiki. Salim, mtoto wa mfalme, anampenda Anarkali, mcheza ngoma wa kasri. Baba yake, Mfalme Akbar, hataki. Siku moja, mbele ya baraza zima, ndani ya ukumbi uliojengwa kwa vioo, Anarkali anacheza na kuimba huku akimkazia macho mfalme, na anachokiimba ni kwamba amependa na wala haoni la kuficha. Sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe, lakini hapo rangi zinafunguka. Akbar anainua macho asimtazame, anamkuta darini: kila kipande cha kioo kimembeba Anarkali wake, mamia ya Anarkali, wote wanazunguka. Madhubala, aliyecheza nafasi hiyo, alikuwa na maradhi ya moyo wakati wa kupiga picha, na alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 36.

Nilikuwa nimeandika makala kuhusu tukio hilo la vioo. Hoja yangu ilikuwa fupi na, nikiisoma leo, ina majivuno: kwamba ujasiri wa mwanamke mbele ya mtawala hauhitaji tafsiri wala maelezo, unajieleza wenyewe, popote, kwa yeyote. Makala ilishafika kwa mhariri. Kilichobaki ni kuwaona watu wakilia, ili nijue nimesema kweli. Mama yangu mkubwa anakaa Chwaka, ana uwanja mpana nyuma ya nyumba, nikamwambia nitaleta projekta. Akawaambia wenziwe. Wakachanga hela ya kukodi vifaa, na wengine wakaja kutoka Marumbi.

Sasa nieleze nilivyofikia kuikata, kwa sababu wakati ule kila hatua niliiona ya busara. Siku niliyochagua ilikuwa ya bamvua, maji yanatoka mbali sana kwenye ghuba ile, na wanawake wanaolima mwani hushinda humo wameinama. Nikafikiri watakuwa wamechoka. Nikafikiri pia kwamba kuna watoto, kuna Isha, kuna lugha ya Kiurdu wasiyoijua, na kwamba siku hizi hakuna anayekaa kitako saa tatu. Mtu aliyelala Ng'ambo juu ya mkeka wa watu ili aione picha hiyo nilimhesabu kuwa hataweza kuimaliza nyumbani kwake. Sikumuuliza. Nilikaa na kompyuta usiku, nikatoa gereza, nikatoa mapatano, nikatoa vita, nikabakisha vioo.

Shuka lilifungwa ukutani. Majamvi yakajaa. Mimi nilisimama pembeni, sitazami shuka, natazama nyuso.

Wimbo ulikwenda mpaka mwisho na hakuna uso uliobadilika. Ninajua uso wa mtu aliyekasirika na wa mtu aliyechoshwa. Hizi hazikuwa hizo. Zilikuwa nyuso za adabu, za mtu anayesubiri gari ambalo anajua litakuja. Mmoja alisifu nguo. Mwengine akasema mwanamke mzuri huyo, mashallah. Kisha msichana mmoja wa skuli, aliyekaa mbele kabisa, akageuka akaniuliza: "Kwani huyu mzee kamfanya nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na hapo ndipo nilipojua. Jibu la suala lake nilikuwa nimelikata mimi.

Nikaanza kueleza. Kwamba Anarkali alishatiwa gerezani na kufungwa minyororo. Kwamba alifunguliwa kwa sharti akamwambie Salim hakumpenda kamwe. Kwamba alikubali, kwa woga, na Salim akamdharau kwa hilo. Kwa hiyo yule anayecheza kwenye vioo ni mtu aliyekwishavunjika mara moja, anayejua gereza lile linanuka vipi, na anarudi kusema neno lile lile lililompeleka huko. Bila ya haya yote ni mwanamke anacheza vizuri mbele ya mzee aliyenuna. Nilikata saa tatu hivi ili kuokoa muda, kisha muda wenyewe nikautumia kueleza nilichokikata, tena vibaya, mara narudi nyuma, mara nasahau jina.

"Basi iweke yote," mamkubwa akasema.

Sikuwa nayo. Kwenye flashi nilikuja na kipande changu tu.

Waliondoka mapema, na waliotoka Marumbi walikuwa wameshalipa nauli ya kurudi. Hela ya mchango niliirudisha, wakaipokea bila ya kunibembeleza. Makala ikachapishwa ilivyo, na sentensi yake kwamba tukio hilo halihitaji maelezo ipo hadi leo na jina langu chini yake. Pale Chwaka nilipata lakabu ambayo sitaiandika hapa, inahusu mkasi.

Wewe unayesoma usinicheke sana. Simu yako imejaa vipande vya namna hii. Radha wa Mother India ya mwaka 1957 anampiga risasi mwanawe Birju. Ukikiona kipande hicho peke yake umeona mama katili, kwa sababu hukuona mafuriko, njaa, mkopeshaji, na jinsi alivyomlea huyo huyo Birju. Yasmin wa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, anamkimbia mume aliyeozwa bila ya ridhaa. Mrushie binti yako dakika ya kukimbia, umwambie "ona ujasiri", naye atakuuliza vile vile: kwani kafanywa nini?

Nilirudi na filamu nzima, safari hii siku za maji mafu, na mamkubwa ndiye aliyepanga saa. Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Jambo hilo nililitegemea. Waliokuja walikaa mpaka mwisho, na katikati mamkubwa alikuwa akiwasimulia wenziwe yatakayofuata bila ya kuombwa, hata wakamnyamazisha.

Tulipofika kwenye vioo nikajiweka tena pembeni kutazama nyuso. Nilitegemea machozi. Nikasikia vigelegele. Mama mmoja wa makamo akainuka kwenye jamvi, ameshika noti juu, anakwenda kwa madaha kuelekea kwenye shuka, mabega yanacheza, kama anavyokwenda mtu kumtunza muimbaji. Alipofika akakuta hakuna mkono wa kuipokea. Watu wakavunjika mbavu. Akageuka akaitia mfukoni mwangu, kwa kuwa mwenye projekta ni mimi.

Hapo nikaona nilichokikosa tangu mwanzo, mimi niliyekulia katika taarab. Mwanamke wa Unguja hahitaji kufundishwa anachofanya Anarkali. Ameona ukumbini watu wakiinuka kwenda kutunza kwenye ubeti fulani na si mwengine, na ukumbi mzima unajua ubeti huo unampiga nani aliyekaa meza ya tatu. Mpigwaji hawezi kujibu. Wimbo una heshima zake, lazima akae mpaka uishe, atabasamu kama anaweza. Akbar naye ndivyo alivyobanwa. Ni sherehe yake, baraza lake, ngoma ameiruhusu mwenyewe, na hana pa kuyapeleka macho. Lakini mgeni asiyejua ugomvi anaweza kukaa katika ukumbi huo huo akasikia tuni nzuri tu, na huyo mgeni ndiye niliyewageuza wao usiku ule wa kwanza.

Machozi yalikuwepo. Yalikuja baadaye sana, mfalme alipokwishashinda. Anarkali amehukumiwa kufa, anaomba apewe saa chache na Salim, anapewa kwa sharti amlaze kwa dawa ili asiamke kumzuia mtu. Anavaa kibiharusi, anatabasamu, anamdanganya kwa amri. Mama wa noti alijifuta kwa ncha ya kanga, na mamkubwa, aliyewasimulia kila kitu, hiyo hakuisimulia. Katika makala yangu yote, sehemu hiyo sikuiandikia hata neno moja.