Saa Tuliyoifuta

Kwa miaka mingi ya ualimu wetu, kila mtihani ulipokaribia tulifuta saa ya kuchora na kuweka hesabu mahali pake. Tulidhani tunawatendea watoto mema.

Siku moja tulisahihisha daftari la mtoto asiyeinua mkono kamwe. Hesabu zake tulizipa sifuri. Lakini pembeni alikuwa amechora samaki, magamba yamepangwa safu kwa safu, hata moja halikupotea. Kumbe alijua kuhesabu. Sisi ndio hatukujua kutazama.

Tukakumbuka karakana ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanzishwa mwaka 1946 mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Pilipili alichora samaki na ndege, Bela alipaka rangi kwa vidole, Mwenze alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Karakana moja, mikono mitatu, wala hakuna aliyefanana na mwenzake.

Tangu hapo saa ile hatuifuti tena. Nanyi mnaofundisha wadogo, kabla ya kumwita mtoto mjinga, mpeni kwanza kalamu ya rangi, kisha nyamazeni, mtazame.